Kupanda Daraja na Kushuka Daraja

Somo la kusoma nyumbani: Wafilipi 4:10–20

Wewe mama uliye jikoni, wewe ndugu uliye dukani, wewe mlinzi uliye langoni na redio yako ndogo, na wewe mgonjwa uliye kitandani, sote tuketi pamoja kwa dakika hizi chache tulitafakari Neno la Mungu.

Leo tunataka kuzungumza juu ya mpira wa miguu. Huenda mzee mmoja wa kanisa akauliza, "Mpira na Injili, wapi na wapi?" Tunamwomba avumilie kidogo. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho alitaja wapiga mbio na wapigana ngumi, kwa sababu mji wao ulikuwa karibu na mahali pa michezo mikubwa, na kila mtoto wa Korintho alijua shindano ni kitu gani. Watoto wa Nairobi wanajua mpira. Basi na tuanzie pale wanapojua.

Jedwali lisilo na huruma

Mpira wa Kenya umepangwa kama ngazi. Juu kabisa iko Ligi Kuu. Katika msimu wa 2024/25 ligi hiyo ilikuwa na timu 18, na kila timu ilicheza mechi 34. Chini yake iko Supaligi ya Taifa, kisha Daraja la Kwanza, kisha Daraja la Pili, na chini zaidi ziko ligi za mikoa na za kaunti, ambako vijana hucheza kwenye uwanja wa vumbi, na mpira ukitoka nje huenda ukaangukia meza ya mama anayeuza nyanya. Kushinda ni pointi 3, sare ni pointi 1, kushindwa ni kutoka mikono mitupu. Msimu ukiisha, jedwali husomwa. Walio juu hupanda, walio chini hushuka.

Jedwali halimwonei mtu huruma. Halijui kwamba golikipa alifiwa na mama yake katikati ya msimu. Halijui kwamba timu ilisafiri usiku kucha ikafika uwanjani bila kula. Linajua pointi tu.

Hebu tutazame mtaa wa Kawangware, upande wa magharibi wa Nairobi. Huko ilianzishwa mwaka 2003 timu iliyoitwa World Hope. Miaka 2 tu baadaye, mwaka 2005, timu hiyo changa ikatwaa Kombe la Rais. Fikirini furaha ya mtaa! Mtaa ambao magazeti huutaja zaidi kwa habari za moto na wizi, sasa ukatajwa kwa kombe. Baadaye timu ikabadili jina, ikaitwa Nairobi City Stars, na mashabiki wakaiita Simba wa Nairobi. Simba hao wakanguruma katika Ligi Kuu miaka kadhaa. Mwaka 2016 wakashuka daraja.

Walikaa chini miaka 4. Mwaka 2020, walipokuwa wakiongoza Supaligi, ugonjwa wa korona ukaingia nchini, viwanja vikafungwa, na ligi ikakatizwa. Kwa kuwa walikuwa wa kwanza kwenye jedwali, wakapandishwa. Ndugu, tafakarini jambo hilo: walingoja miaka 4, na siku ya kupanda ilipofika hapakuwa na mechi ya mwisho, wala filimbi, wala umati wa kuwabeba mabegani. Habari iliwakuta majumbani. Wakacheza Ligi Kuu misimu 5. Mwisho wa msimu wa 2024/25 wakashuka tena.

Sasa twende kwa jirani. Ukitoka Kawangware, ukapita Dagoretti Corner, ukafuata Barabara ya Ngong kuelekea mjini, kisha ukakata mkono wa kulia, utafika Kibera. Huko Kibera ndiko walikotoka Kibera Black Stars, timu ya mtaa iliyocheza miaka mingi katika Supaligi, ngazi moja tu chini ya Ligi Kuu. Kukaa ngazi moja chini ya mlango kuna majaribu yake. Unaona taa za nyumba, unasikia vyombo vya chakula vikigongana ndani, lakini wewe bado uko barazani.

Si timu hizo mbili peke yake. Mathare United, iliyozaliwa mwaka 1994 katika mitaa ya mabanda ya Mathare, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2008. Nayo pia ilishuka, kisha ikarudi Ligi Kuu mwaka 2024. AFC Leopards, timu kubwa yenye makombe mengi, iliwahi kushuka, ikarudi mwaka 2009. Shabana ya Kisii ilingoja miaka 17 kabla ya kurudi juu mwaka 2023. Mtoto aliyezaliwa timu iliposhuka alikuwa amekwisha kuota ndevu iliporudi.

Wazee wetu walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Leo tunauliza: je, Mkristo afanye nini anapopanda, na afanye nini anaposhuka? Kwa maana wewe unayetusikiliza, hata kama hujapiga mpira tangu utotoni, una jedwali lako. Lipo la kazini, lipo la shuleni, lipo la biashara, lipo hata la kanisani. Na mwaka huu umepanda, au umeshuka, au unatetemeka kwenye mstari.

Mzigo wa kupanda

Kwanza tuzungumze na waliopanda.

Watu hufikiri kupanda daraja ni raha tupu. Mwulize mweka hazina wa timu ya mtaa. Alipokuwa katika ligi ya kaunti, vijana wake walikwenda uwanjani kwa miguu. Jezi zilifuliwa na mama wa mchezaji mmoja. Maji ya kunywa yalitoka kwenye mtungi wa jirani. Timu imepanda, sasa mechi iko Mombasa, karibu kilomita 500 kutoka Nairobi. Juma linalofuata iko Kisumu. Patafutwe basi, pa kulala na chakula cha watu 25. Na wachezaji wenyewe ni vibarua. Huyu anachanganya saruji kwenye mjengo kule Kilimani, yule anasukuma mkokoteni wa maji, mwingine anauza nguo za mitumba. Akienda Mombasa siku mbili, ni siku mbili bila ujira, na mwenye nyumba hapokei pointi 3 badala ya kodi.

Tena mechi za Ligi Kuu zahitaji uwanja wenye ua, vyumba vya kubadilishia nguo na mahali pa watazamaji. Kwa hiyo Simba wa Nairobi walipokuwa Ligi Kuu, walifanya mazoezi Kawangware, lakini siku za mechi walicheza katika viwanja vingine vya mji. Yule mama aliyesimama pembeni tangu mwanzo akiwaita vijana kwa majina yao sasa alihitaji nauli na tiketi ili kuwaona watoto wa mtaa wake.

Ndivyo ilivyo na kupanda kwingine. Unapandishwa cheo, unahama chumba kimoja cha mabati, unakwenda kukaa nyumba ya mawe. Jambo hilo ni jema, na mshukuru Mungu. Lakini taratibu, bila kukusudia, unakwenda mbali na waliokuwa wakikuita kwa jina lako. Wimbo wa Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli hutukumbusha kwamba Bwana ndiye ashushaye na ainuaye. Aliyepanda akisahau hilo, huanza kusema moyoni, "Ni mguu wangu tu." Na Musa aliwaonya Israeli, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 8, kwamba hatari yao kubwa ingekuja watakapokuwa wameshiba na kukaa katika nyumba nzuri.

Kwa hiyo, ndugu uliyepanda, jiulize usiku wa leo: ni nani aliyenifulia jezi? Ni nani aliyenipa maji ya mtungi? Kama yu hai, mwendee kwa miguu yako mwenyewe ukamsalimu.

Uchungu wa kushuka

Sasa tuzungumze na walioshuka, maana hao ndio wengi.

Timu ikishuka, jambo la kwanza ni simu kunyamaza. Mfadhili aliyepiga picha na wachezaji siku ya kupanda, sasa ana shughuli nyingi. Wachezaji wazuri huchukuliwa na timu nyingine, wala hatuwezi kuwalaumu, kwa kuwa nao wanataka kula. Kocha huondoka. Mashabiki waliojaa njiani wakipiga vuvuzela wamebaki wachache tu, na mmoja wao ni babu ambaye angekuwapo hata kama zingekuwa zinacheza mbuzi.

Mwaka 2019 kampuni ya kamari iliyokuwa mfadhili mkuu wa Ligi Kuu ilijiondoa. Klabu nyingi zikabaki bila fedha za kutosha. Timu ya SoNy Sugar ya Awendo, ambayo ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006, ikashindwa kufika kwenye mechi 3, na kanuni ikakata: timu ikatolewa katika ligi. Bingwa wa nchi nzima aliondolewa, wala hakufungwa mabao. Alikosa tu kufika uwanjani.

Tunataka wasikilizaji walishike hilo, kwa sababu ndivyo watu wengi wanavyopotea. Kushuka peke yake hakumpotezi mtu. Ameshuka wengi na wakarudi. Kinachompoteza ni kuacha kufika. Mtu amepoteza kazi. Jumapili ya kwanza haji kanisani kwa sababu hana sadaka. Jumapili ya pili haji kwa sababu ataulizwa kwa nini hakuja ile ya kwanza. Jumapili ya tatu hatusikii habari zake tena. Kazi ilimshusha daraja, lakini aibu ndiyo iliyomtoa uwanjani.

Kishawishi cha siku ya mwisho

Kuna jambo lingine ambalo hatuwezi kulipita kimya.

Tuseme timu yahitaji pointi 1 tu katika mechi ya mwisho ili isishuke. Jioni kabla ya mechi anakuja mtu mwenye koti zuri. Hana maneno mengi. Ana bahasha. Asema mlinzi mmoja wa timu pinzani amekwisha kukubali. Yabaki tu viongozi watoe kidogo. Kijana nahodha yuko pale. Anawaza juu ya wenzake, anawaza juu ya mtaa mzima, anawaza jinsi watakavyozomewa njiani. Na anajiambia, "Si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya timu."

Mambo ya namna hiyo si hadithi. FIFA imewahi kuwafungia wachezaji wa Kenya kwa kupanga matokeo ya mechi. Na wewe usiyecheza mpira, bahasha yako unaijua. Ni mtihani ulioibwa. Ni hesabu za duka zilizoandikwa mara mbili. Ni kitu kidogo cha kupewa kazi. Kila mara sauti ni ile ile: "Ukikataa, utashuka."

Sisi tunasema wazi, tukitegemea Neno la Mungu: afadhali kushuka kwa haki kuliko kubaki juu kwa hila. Mithali sura ya 16 yafundisha kwamba kichache kilichopatikana kwa haki ni chema kuliko mapato makubwa ya udhalimu. Timu iliyoshuka kwa haki yaweza kupanda tena, na ikipanda, wimbo wake utakuwa safi. Timu iliyobaki kwa bahasha imekwisha kushuka moyoni, ingawa jedwali bado halijajua.

Kijana nahodha akikataa, je, Mungu atawapa ushindi kesho yake? Hatuwezi kumwahidi hivyo. Huenda wakafungwa bao dakika ya mwisho na kushuka, na yule mwenye koti akacheka. Tusimdanganye kijana wetu. Lakini tutamwambia kwamba yuko Mmoja aliyeona alichokikataa, na Huyo hasomi jedwali kama wanadamu wasomavyo.

Mstari ulioandikwa gerezani

Sasa tufungue waraka wa Paulo kwa Wafilipi, sura ya 4. Tafadhali nyumbani usomeni wote kuanzia mstari wa 10 hadi wa 20.

Vijana wengi wanamichezo wanaupenda mstari wa 13. Huuandika kwenye fulana, huuandika hata kwenye njumu zao. Ndio ule Paulo anaposema kwamba Kristo humtia nguvu za kukabili kila jambo. Nao vijana huusoma hivi: "Kwa Kristo nitashinda leo." Wenzao wa timu ya pili nao wameuandika, na wameshikana mikono kwenye duara lao upande wa pili wa uwanja, wakiomba vile vile. Sasa Mungu amsikilize nani? Je, Mwenyezi ni refa wa kuvutwa huku na huku kwa maombi?

Ndugu, mstari wa 13 haueleweki bila mstari wa 12. Paulo hakuwa uwanjani alipoandika. Alikuwa kifungoni. Anasema kwamba amejua kupungukiwa na amejua kuwa na vingi; kushiba amejifunza, na njaa amejifunza. Kisha ndipo anataja nguvu za Kristo. Kwa lugha ya vijana wetu, Paulo anasema: najua kucheza Ligi Kuu, najua kucheza kwenye vumbi la ligi ya kaunti, na kote kuwili Kristo ni yule yule. Nguvu anayoitaja ni ya kusimama imara jedwali linapokuwa dhidi yako, na pia ya kutolewa jedwali linapokusifu.

Tena angalieni neno analolitumia: amejifunza. Hakuzaliwa nalo. Alilifanyia mazoezi, kama mchezaji anavyopiga mpira ukutani kila jioni. Paulo huyu, tukisoma sura ya 3, aliwahi kuwa juu kabisa ya jedwali la taifa lake. Alikuwa wa kabila la Benyamini, Farisayo, mtu asiye na doa katika torati. Akaviweka vyote upande wa hasara kwa ajili ya kumpata Kristo.

Na Paulo alijifunza kwa nani? Turudi sura ya 2. Yesu Kristo alikuwa juu, mahali ambapo hakuna ligi inayofika. Hakuna aliyemshinda akamshusha. Alishuka kwa hiari yake. Akawa mtumwa, akawa mwanadamu, akashuka mpaka mautini, tena mauti ya msalaba, ambayo ilikuwa fungu la wahalifu. Kwa sababu hiyo Mungu akamwadhimisha sana. Kwa hiyo hakuna mtaa wa chini hata Kristo asiweze kuufikia. Aliyeshuka mpaka kaburini anajua njia ya kwenda Laini Saba, anajua njia ya kwenda Gatina. Ukishuka, humwachi Yesu kule juu. Unamkuta yuko huko chini, amekutangulia.

Wenzi wa siku ya dhiki

Lakini somo letu halikomi hapo. Watu hupenda kusoma mpaka mstari wa 13 na kufunga kitabu. Someni mstari wa 14. Paulo asema Wafilipi walifanya vyema kushiriki katika dhiki yake. Mtu huyu mwenye nguvu zote hizo hakuona aibu kushukuru kwa msaada. Kanisa la Filipi lilimtuma mtu aitwaye Epafrodito, akasafiri safari ndefu kupeleka zawadi gerezani, akaugua njiani au huko huko, karibu afe. Makanisa mengine, Paulo asema, hayakushirikiana naye hivyo. Wafilipi hawakumhesabu Paulo kuwa ameshuka daraja. Walimhesabu kuwa wao.

Kwa Kiswahili tunasema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Hapa, wapendwa, tunakuja kwenye nyumba ya Mungu yenyewe. Yakobo katika sura ya 2 ya waraka wake alilionya kanisa juu ya mtu mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri, na maskini anayeambiwa asimame kule au akae chini. Je, katika ushirika wenu kuna Ligi Kuu na Daraja la Pili? Siku ya harambee, majina yakisomwa pamoja na kiasi cha fedha, mama anayefua nguo za watu Lavington, aliyetoa shilingi 50 kati ya 200 alizonazo, anasikia nini moyoni? Ndugu aliyekuwa mhasibu wa kanisa, na sasa hana kazi mwaka wa pili, bado anaitwa kwenye kamati? Kijana aliyefeli mtihani bado anaombewa kwa jina, au wanaombewa waliofaulu tu?

Kanisa la Kristo halikupewa jedwali la kusoma. Limepewa meza. Na katika Meza ya Bwana, aliyepanda na aliyeshuka hupokea mkate ule ule.

Mambo ya kufanya juma hili

Tusiishie kusikia tu. Tunawaachia mambo matatu.

La kwanza, mtafute mmoja aliyeshuka. Usimtumie salamu kwa mtu mwingine. Nenda nyumbani kwake. Usianze kwa kumuuliza kwa nini haonekani. Anza kwa kuketi. Kama una unga, beba unga. Epafrodito hakwenda gerezani mikono mitupu.

La pili, ninyi vijana wa timu za mitaa, ombeni kabla ya mechi, lakini ombeni vizuri. Ombeni mcheze kwa uwezo wenu wote. Ombeni pasiwe na mguu wa kuvunjika upande wenu wala upande wa pili. Ombeni mkatae bahasha. Ombeni mkishinda msidharau, na mkishindwa msichukie. Ombi kama hilo, timu mbili zaweza kuliomba kwa pamoja, na Mungu akazijibu zote mbili siku hiyo hiyo.

La tatu, wewe mwenyewe uliyeshuka, fika uwanjani. Hata kama ni uwanja wa vumbi. Hata kama mashabiki ni watatu. Usikubali aibu ikutoe katika mashindano ambayo kushindwa hakukukutoa. Jumapili ijayo njoo na mikono mitupu kama huna sadaka. Mungu aliyekupokea ukiwa huna haki hatakufukuza kwa kuwa huna shilingi.

Labda timu yako itarudi juu baada ya miaka 4, kama Simba wa Nairobi. Labda itakuwa miaka 17, kama Shabana. Labda haitarudi kamwe, na utazeeka ukiwafundisha watoto wadogo kupiga mpira kando ya reli ya Kibera. Nayo ni kazi ya heshima. Huenda kati ya watoto hao mmoja akajifunza kwako jambo ambalo Ligi Kuu haikumfundisha mtu: kwamba thamani ya mwanadamu haipandi wala kushuka mwisho wa msimu.

Na tuombe.

Bwana Mungu, Baba yetu, wewe unayeinua na kushusha, tunakuja mbele zako, waliopanda na walioshuka. Uliowapandisha, uwape moyo wa shukrani, wasiwasahau waliowabeba. Walioshuka, uwashike mkono, aibu isiwameze. Wanaotetemeka usiku huu mbele ya bahasha, uwape nguvu za kusema hapana. Wabariki vijana wa Kibera na Kawangware, na wa mitaa yote, uwalinde viungo vyao na mioyo yao. Ulifanye kanisa lako kuwa nyumba ambamo hakuna anayeketi kwa daraja. Tunaomba haya katika jina la Yesu Kristo, aliyeshuka kwa ajili yetu, na ambaye umemwadhimisha. Amina.

Wapendwa wasikilizaji, mpaka juma lijalo tutakapokutana tena katika mazungumzo haya, neema ya Bwana wetu iwe pamoja nanyi nyote. Kwaherini.